Mwana wa Nani

Embu, 9 Machi 2024

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku Embu. Natumaini wewe na mama mmeamka salama, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kimeshindwa na tangawizi. Sisi hatujambo. Nikisema sisi, ni mimi na mtoto.

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza ni nani aliyerudi kwenye zama za barua. Ni mimi. Tukiongea kwa simu tunagombana, Baba. Mara ya mwisho ulinikatia, nami nikakupigia tena ili nami nikukatie. Barua haikatwi. Nimeiweka ofisi ya mizigo, gari la Meru, na mama ataichukua akienda kuuza maziwa.

Mtoto ametimiza mwezi. Ana afya, analia kwa sauti ya mtu mwenye shamba kubwa. Jina bado hana. Namwita Kijana, na kule kliniki wanamwita mtoto wa Kawira. Wewe unajua desturi kunishinda. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake upande wa baba. Asipokuwa na upande wa baba, hupewa jina la baba wa mama yake, mradi huyo babu akubali. Baba yake, Ndwiga, ameniambia wazi kwamba hana nia ya kuoa, na sitamfukuza mtu barabarani kama kuku aliyetoroka. Kwa hivyo nakuja kwako. Naomba umpe jina lako.

Masomo yanaendelea. Bado niko kwenye shahada ya pili, bado ni majina. Nalinganisha majina yetu ya Meru na Embu na yale ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya walioacha majina yao yamechongwa kwenye mawe. Nitakueleza ukitaka.

Tangu utotoni umeniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Nimekumbuka neno hilo sana mwezi huu.

Mwanao,
Kawira


Kibirichia, 30 Machi 2024

Kwa Kawira,

Salamu. Sisi ni wazima. Kikohozi kipo, lakini tumezoeana.

Mvua imeanza kwa fujo. Tumepanda viazi sehemu ya juu, kule chini ni tope tupu. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike. Mama yako anasema nikuandikie kwamba anakuja Embu wiki ijayo na unga wa uji, kana kwamba hamuongei kwa simu kila siku nikiwa shambani.

Kuhusu lile jambo lingine. Mtoto ana baba, na baba huyo ana watu wake. Waende wao wampe jina. Mimi sina la kuongeza.

Kuhusu masomo, sijaelewa mtu wa Kibirichia anatafuta nini kwenye mawe ya wazungu waliokufa. Lakini soma, ulianza mwenyewe.

Babako,
Mugambi


Embu, 14 Aprili 2024

Kwa Baba,

Hujambo, na ndama hajambo? Mama alifika salama na unga, na amerudi huko na picha za mtoto kwenye simu yake. Najua hujaziangalia, lakini najua pia kwamba mama huacha simu yake mezani makusudi.

Umeniandikia "Kwa Kawira". Nimeiona, na imeniuma.

Acha nikueleze ninachotafuta kwenye mawe. Huko Ireland kuna mawe marefu yaliyosimamishwa, na pembeni mwake mtu amekata alama kwa kitu chenye ncha, chale moja, chale mbili, mpaka tano. Hizo ndizo herufi zao. Unajua zinasema nini? Mara nyingi ni jina tu: fulani, mwana wa fulani. Hakuna mahali wanasema marehemu alikuwa hodari, wala alikuwa na ng'ombe wangapi. Kule Ufaransa ya kale wao walichukua jina la baba, wakaliongezea kipande mwishoni, likawa jina la mtoto. Sisi kwetu kipande tunakiweka mwanzoni, M'Mwiti, M'Murungi, na huku Embu wanasema "wa". Watu wasiowahi kuonana, Baba, lakini wote wana lile swali ambalo wazee wa Kibirichia humsimamisha nalo kijana njiani: wewe ni wa nani?

Ndilo swali linaloninyima usingizi. Mtoto wangu akisimamishwa, atajibu nini?

Mama yake Ndwiga alikuja juzi. Ni mtu mwema, alileta ndizi na shuka la mtoto, akamshika mpaka akalala. Kisha akaniambia wangependa mtoto aitwe Njura, jina la marehemu mzee wao. Ndwiga mwenyewe hakuja. Nikikubali, mtoto atakuwa wao, na siku moja watakuja kumchukua kwa haki. Nikikataa, lazima niwe na jina la kumpa. Nimemwambia anipe muda.

Baba, sijakuomba ulezi. Nimekuomba jina.

Mwanao,
Kawira


Embu, 5 Mei 2024

Kwa Baba,

Salamu tena. Nasikia kwenye redio kwamba mvua imebeba madaraja, kwa hivyo nimejiambia barua yako iko mahali fulani ndani ya gari lililokwama. Mama anasema unakwenda shambani hata ikinyesha, na kwamba jioni unakaa jikoni bila kusema. Tafadhali vaa lile koti nililokununulia. Halikununuliwa liwe pazia.

Mtoto amejifunza kucheka. Akicheka, kidevu chake kinakuwa chako. Sikusema ili nikushawishi, ni kidevu tu.

Kama nimekukosea kwa kuomba, niambie. Nitastahimili tusi lako kuliko kimya chako.

Mwanao,
Kawira


Kibirichia, 26 Mei 2024

Kwa Kawira,

Salamu nyingi kwako, na kwa huyo mwenye kidevu. Sisi tuko. Mvua imeozesha majani ya viazi vya chini, vya juu vimesimama. Koti nimelivaa.

Barua yako haikukwama. Nilikuwa nayo. Nimeanza kujibu mara kadhaa nikaacha, kwa sababu mimi si mtu wa kujieleza, na hili ninalotaka kukueleza hata mama yako nilimwambia tukiwa tumeshazaa.

Mnajua kwamba babangu alikufa kabla sijazaliwa. Ndivyo tulivyowaambia ninyi watoto. Hakufa. Hakuwepo tu. Nyanya yako Kawira hakuwahi kumtaja, na mimi sikuwahi kumuuliza. Alifanya unavyotaka kufanya wewe, akamwendea babake, naye akanipa jina lake. Mugambi ni jina la baba wa mama yangu. Ndiyo maana kitambulisho changu kinasema Mugambi M'Mugambi. Nilipokwenda kukichukua, karani aliuliza kama nimerudia kwa makosa, nikamwambia andika hivyo hivyo.

Basi, jina nilikuwa nalo, na uone lilinisaidia nini. Shuleni mwalimu akisoma majina, kila mtoto alikuwa na la babake nyuma. Langu lilikuwa moja. Thuranira, huyu huyu aliyekuja kufungua duka la mbegu hapa stendi, ndiye aliyelimalizia siku moja: "Mugambi wa Kawira." Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Niliitwa hivyo mpaka nikaota ndevu. Sokoni, mtoni, kanisani nyuma ya kwaya. Mugambi wa Kawira. Mtu kuitwa kwa mama yake, wakati huo, ilikuwa ni kuambiwa huna mahali.

Na kweli sikuwa napo. Babu alipokufa, ukoo ulikaa kugawa shamba. Mzee mmoja akaninyooshea bakora, akauliza, "Na huyu ni wa nani?" Nyanya yako alikuwa amesimama nyuma na wanawake. Akasema, "Ni wangu." Wakamtazama, kisha wakaendelea na ugawaji kama aliyepita ni mbwa. Ndipo tukahamia huku Kibirichia. Alilima viazi kwenye shamba la kukodi, mgongo ukapinda, mpaka shamba likawa lake. Hili ninalokalia.

Kwa hivyo niliposema waende watu wa Ndwiga, sikuwa namkataa mtoto. Nilitaka awe na baba wa kuitwa kwa jina lake. Jina langu lilinifikia na kidonda, nami nikikuona unalitaka kwa ajili yake, naona darasa lile likicheka. Naogopa, Kawira. Ndiyo sababu. Si hasira.

Njura ni jina zuri. Fikiria.

Babako,
Mugambi


Embu, 9 Juni 2024

Kwa Baba,

Salamu zenye machozi kidogo, lakini ni machozi ya kawaida, usimwambie mama.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimemsomea mtoto. Nina aibu moja. Mimi ninayeandika kurasa mia moja juu ya majina ya baba na mwana, nimekiona kitambulisho chako tangu nikiwa mdogo, na siku zote nilidhani ni kosa la karani. Nimekwenda kusoma mawe ya Ireland, na jiwe la nyumbani nimelipita kila siku nikienda kukama.

Nina kitu cha kukuonyesha. Kule kusini mwa Ufaransa walifukua kaburi la kale, wakakuta bamba la madini ya risasi limeandikwa kwa mkono, mistari imebanana. Ni lugha ya Kikelti, na ndani yake kuna majina mengi ya wanawake. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa, kwa sababu nilikuwa nimezoea mwana wa, mwana wa, wanaume watupu. Hili linasema: Adiega, mama wa Aiia. Aiia, binti wa Adiega. Kwa hao wawili hakuna baba aliyetajwa. Wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema ni maandishi ya uchawi, wengine wanasema "mama" na "binti" hapo ni vyeo vya hao wanawake, si uzazi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mtu aliketi akakwaruza jina la mama mahali ambapo wengine huweka la baba, na limekaa chini ya udongo kwa karne nyingi likiwa bado linasomeka.

Nyanya alisema "Ni wangu," na hakuna aliyeandika. Kama ningekuwa na jiwe, ningemwandikia.

Hofu yako naielewa, Baba, na sitaidharau. Lakini fikiria na upande huu. Waliokucheka walicheka kwa sababu nyuma yako alisimama mwanamke mmoja tu, na babu alikupa jina kisha akanyamaza. Jina halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kunyamaza. Huyu wangu, akichekwa, nataka awe na mzee wa kusema kwa sauti mbele ya watu: huyu ni wangu.

Mama yake Ndwiga na watu wake wanakuja tarehe ishirini ya mwezi wa saba kumwona mtoto na kumpa jina. Nimewaambia waje. Cheti cha kuzaliwa nacho hakiwezi kungoja zaidi. Usiponijibu kabla ya hapo, ataitwa Njura, nami nitampenda akiwa Njura, wala sitakulaumu. Nimesema yote.

Mwanao,
Kawira


Kibirichia, 23 Juni 2024

Kwa Mama,

Salamu. Sisi hatujambo, na baridi ya Juni imefika, asubuhi nyasi ni nyeupe. Mama yako amemvalisha ndama gunia.

Nimesoma habari za bamba. Kumbe wanawake wakiandikwa kwa mama zao, hata huko Ulaya ni uchawi. Nyanya yako naye waliwahi kumwita mchawi, mwaka ambao viazi vya watu wote vilioza na vyake vikakataa. Aliwaambia dawa yake ni kuamka mapema.

Picha nimeziona. Kidevu ni cha nyanya yako, mimi mwenyewe nilikiazima kwake.

Viazi vya juu vitavunwa katikati ya Julai. Nitakutumia gunia.

Babako,
Mugambi


Embu, 14 Julai 2024

Kwa Baba,

Hamjambo huko? Huku hatujambo, na baada ya kusoma utaona kwamba hilo ni neno dogo.

Kwanza nikiri nilikukasirikia. Barua yako ya mwisho niliisoma nikitafuta jina, nikakuta viazi. Neno "Mama" pale juu nililiona, likanipa joto, lakini nikajiambia joto haliandikwi kwenye cheti. Nilianza kuzoea Njura. Nilikuwa namwita hivyo chinichini nikimwogesha, ili mdomo ujifunze.

Jana simu ikalia kutoka ofisi ya mizigo, kuna gunia kutoka Kibirichia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Karani wa pale ni kijana anaitwa Munene, mtu wa sheria sana, ana kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Nikampa kitambulisho. Akakitazama, akalitazama gunia, akanirudishia.

"Huu mzigo si wako, madam."

"Namba ya simu ni yangu. Si umenipigia mwenyewe?"

"Namba ni yako, lakini jina si lako. Mwenye mzigo ni Mugambi. Lete Mugambi na ID yake."

Nikamwambia Mugambi ni baba yangu, ndiye aliyetuma, mzee amekosea tu, ameandika jina lake mahali pa mpokeaji. Akasema huyo aliyetuma ameandikwa kando, naye pia ni Mugambi, na wazee wawili wenye jina moja si kesi yake. Watu wakaanza kupiga foleni nyuma yangu. Nikakasirika, nikapiga simu kwa mama nimwambie akuambie umenitesa.

Mama alicheka mpaka nikaogopa. Kisha akanieleza. Akaniambia hukumruhusu mtu mwingine kuandika. Ulibeba gunia mpaka stendi, ukaomba kalamu ya wino mzito pale pale dukani kwa Thuranira, ukapiga goti, ukaandika herufi kubwa mbele ya wapakiaji na wanunuzi wa mbegu na kila mtu. Thuranira akatoka nje akasoma kwa sauti, akacheka, akasema, "Mugambi, mzee mzima, bado unajiita hivyo?" Na wewe ukainuka, ukapangusa goti, ukamwambia: "Huyo si mimi. Huyo ni mjukuu wangu. Ni wangu, na yuko Embu, anangoja viazi." Mama anasema Thuranira alisaidia kupakia.

Nilikata simu nikaenda kulitazama gunia kwa mara ya kwanza. Nimesoma maandishi mengi ya kale kwenye picha, Baba. Hili nilisoma kwa kidole.

MUGAMBI WA KAWIRA
EMBU

Nililia pale pale, mbele ya foleni, wala sikujali. Munene akauliza kama niko sawa. Nikageuka, nikamwonyesha mgongo wangu.

"Mugambi ndiye huyu."

Akamtazama. Mtoto akamtazama. "ID yake?"

"Hana ID. Ana jino moja."

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Wee Munene, peana viazi mtoto asilale njaa." Munene akafikiri kidogo kama hakimu, kisha akasukuma kile kitabu chake kwangu. "Basi mama yake atie sahihi." Nikatia. Akaitisha mkokoteni.

Jioni nilimpigia mama yake Ndwiga. Nilimwambia kweli yote bila kuzunguka, kwamba mtoto amepewa jina na kwao mama yake. Kisha akasema alitamani sana hilo la mzee wake, lakini mtoto ni mtoto, tarehe ishirini atakuja vilevile, na je, bado anatakiwa mtu wa kumenya viazi? Nikamwambia viazi vipo, na shangazi yeyote wa mtoto anakaribishwa. Sijui itakuwaje mbele, lakini sijaona mlango uliofungwa.

Kesho nakwenda kuomba cheti. Nitaandika Mugambi, na nyuma yake Kawira, na karani akiniuliza kama nimekosea nitamwambia andika hivyo hivyo. Gunia nimelikata ule upande wenye maandishi, nimeubandika ukutani juu ya meza yangu, kando ya picha ya lile bamba. Mwalimu wangu akiniuliza chanzo changu, nitamwambia kimetoka Kibirichia.

Baba, nimefurahi mpaka najisikia mjinga. Sina njia nyingine ya kusema asante ila hii.

Kuna tatizo moja tu limebaki. Kwa desturi, mtoto mwenye jina la babangu lazima nimwite Baba, na leo asubuhi nimeanza. Wewe nawe naendelea kukuita Baba. Kwa hivyo njoo tarehe ishirini, ukae hapa tukila viazi vyako, niite "Baba" mara moja, nione ni nani ataitika kwanza.

Kawira,
binti wa Mugambi, mama wa Mugambi